Jina litakuja la nani?

"Kidole hakijasoma, mama. Weka tena."

Chini ya mwamvuli, nje ya soko la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, mama aliyekuja kusajili laini anajifuta kidole gumba kwenye kanga, kisha anakibandika tena kwenye kile kidude cha kusomea alama. Kijana anatazama simu yake, anatikisa kichwa. "Bado. Mikono ya dagaa hii, mama yangu. Mara ya mwisho." Mama anacheka, anaomba radhi kwa ajili ya mikono yake, anabandika mara ya tatu. Analipa, anapokea laini yake, anaondoka kuwahi daladala.

Kidole kimebandikwa mara tatu. Laini aliyoondoka nayo ni moja.

Ukikaa Mwaloni asubuhi moja tu utaliona jambo hili, na ungeliona vilevile Makoroboi au stendi ya Nyegezi. Kwangu halijatoka akilini kwa wiki kadhaa, kwa sababu maelezo yake yako mawili, na yote mawili yanaweza kuwa kweli.

## Kidole kinachokataa kweli

Maelezo ya kwanza yanamtetea kijana. Mtu anayeparua magamba ya sato, anayevuta kamba za nyavu au anayegeuza dagaa kwenye kichanja juani, mistari ya ncha za vidole vyake husagika. Chumvi na maji huikausha ngozi na kuipasua. Kifaa cha kusomea kinatafuta mahali mistari inapogawanyika na inapokomea, kisha kinalinganisha na alama zilizochukuliwa siku ile mtu alipojiandikisha NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, pengine miaka kadhaa iliyopita. Kidole kikavu kinaacha alama hafifu. Kilicholowa kinaacha doa. Kioo cha kifaa chenyewe kikiwa na mafuta ya mteja aliyetangulia, hata kidole kizima kitakataliwa.

Kwa hiyo huku ziwani, "hakijasoma" ni neno la kweli mara nyingi sana.

Hapo ndipo mwizi alipojificha. Kila usajili unahitaji uhakiki wake mmoja: namba ya NIDA inaingizwa, kidole kinabandikwa, jibu linarudi. Kidole kikishasoma mara ya kwanza, wakala mwenye nia mbaya anakaa kimya, anafungua usajili wa laini nyingine kwa namba ileile ya NIDA aliyotajiwa dakika moja iliyopita, kisha anaomba kidole tena. Mteja haoni tofauti yoyote. Kioo cha simu kimegeuziwa upande wa wakala.

Wengi wa vijana hawa wanatafuta riziki kwa haki. Lakini wanalipwa kamisheni kwa kila laini, na laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine ina mnunuzi wake.

## Mnunuzi ni nani

Kila mwenye simu Tanzania amewahi kupokea ujumbe ule: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani.

Tunaufuta, basi. Ni wachache wanaojiuliza huyo fulani ni nani. Tapeli hawezi kutumia jina lake mwenyewe, maana tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza Mei 2019 kila laini inayofanya kazi ina mtu nyuma yake. Anahitaji jina la mtu halisi, mwenye NIDA halisi na kidole halisi, asiyejua kwamba ana laini hiyo.

Yule mama wa dagaa, kwa mfano.

Jambo hili lilinigeuza mawazo. Tukisema wizi wa utambulisho, tunawaza mtu atakayetuibia sisi. Tunashika mfuko. Kumbe huku kwetu mara nyingi jina huibwa kwanza ili aibiwe mtu mwingine, pengine Songea au Tanga, na mwenye jina hapungukiwi hata shilingi. Anakuja kujua siku polisi wanapofuata usajili wa laini hadi mlangoni kwake.

Ushauri tuliozoea kuutoa ni mmoja: usimpe mtu namba yako ya siri. Mama huyu hakumpa mtu namba ya siri. Alitoa kidole, mbele ya watu, mchana, kwa sababu sheria ilimtaka atoe. Ushauri wetu haukumfaa kwa lolote.

## Cha kufanya palepale mwamvulini

Kama unaweza kufika kwenye duka la mtandao wenyewe, nenda huko ukaache mwamvuli. Kama huwezi, na wa visiwani Ukerewe au Kome wengi hawawezi bila kupoteza siku nzima, fanya hivi.

Nawa mikono, ikauke kabisa. Ngozi ikiwa imepasuka, paka mafuta kidogo sana kisha futa. Omba kioo cha kifaa kifutwe. Taja namba yako ya NIDA mwenyewe, usimpe mtu karatasi aipige picha. Simama ubavuni mwa wakala, usimkabili, ili mtazame kioo kimoja.

Akisema hakijasoma, mwambie: "Nionyeshe ilivyoandika." Kama kweli imekataa, kuna maandishi ya kukataa. Usirudie kidole kilekile mara tano. Omba abadilishe, achague kidole kingine kwenye simu yake, kwa kuwa NIDA ilichukua alama za vidole vyako vyote, na kidole cha shahada au cha kati cha mkono usiofanya kazi nzito huwa kimesalimika kuliko gumba.

Kabla hujaondoka, weka laini mpya kwenye simu, piga *106#. Menyu ikifunguka, chagua sehemu ya kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, fuata maelekezo. Hesabu. Kama una laini za mitandao miwili au mitatu, rudia kwenye kila moja.

Ukikuta namba usiyoijua, usiipigie kuuliza ni nani, maana utakuwa umemshtua mwizi. Iandike, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika, sema wazi kwamba unaikana na unataka usajili wake uondolewe kwenye jina lako. Omba uthibitisho wa maandishi wenye tarehe. Tarehe hiyo ina thamani kubwa kuliko unavyodhani: kosa likifanyika kwa namba ile, utaonyesha siku uliyoikana.

Nimejiuliza kama ni haki kumtwika mzigo wote huu mtu aliyekuja kununua laini tu. Si haki. Mtu mzima kuomba kuonyeshwa kioo anahisi kama anamwita kijana wa watu mwizi, tena mbele ya foleni, na heshima yetu inatukataza. Lakini wizi huu unaishi ndani ya heshima hiyohiyo, na sijapata njia nyingine ambayo mama anaweza kuitumia leo, kabla wakubwa hawajarekebisha mambo yao.

## Tarakimu 20

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Aliyezaliwa tarehe 12 Aprili 1987 namba yake inaanza na 19870412.

Sasa fikiria namba ya siri ya pesa kwenye simu. Ni tarakimu nne. Watu wengi huweka mwaka wao wa kuzaliwa, au wa mtoto wa kwanza.

Anayeiona namba yako ya NIDA ameuona mwaka huo. Kama ndio namba yako ya siri, ameiona nayo. Ibadilishe kabla ya kusoma aya inayofuata. Usichukue mwaka wowote, wala 1234, wala tarakimu nne za mwisho za simu yako.

Namba ya NIDA yenyewe huwezi kuifanya siri. Umeitoa benki, kwa mwajiri, kwenye kila laini uliyowahi kuwa nayo. Ichukulie kama jina lako la ukoo, ambalo watu watalijua, kisha hakikisha kulijua peke yake hakufungui mlango wowote.

## Steshenari

Kuna mlango mwingine tunaoupita kila siku bila kuufikiria.

Karibu na kila ofisi ya serikali na kila chuo hapa Mwanza, kuna steshenari. Unataka kuchapa kitambulisho? Unakituma WhatsApp kwenye simu ya duka. Kijana anaomba kazi, au anaomba mkopo wa chuo? Dada wa steshenari anamfungulia barua pepe, anamtungia nywila, anaiandika kwenye daftari la duka ili mteja akisahau asipate shida. Na pale Google inapoomba namba ya simu ya kurejeshea akaunti, anaweka ya kwake, kwa sababu mteja hana salio au simu imezimika chaji.

Kwa nia njema kabisa.

Matokeo yake ni kwamba mwenye barua pepe yako kisheria ni wewe, na mwenye ufunguo ni yeye, au yeyote atakayerithi ile simu ya duka. Maduka ya simu yana desturi hiyohiyo: unanunua simu mpya, muuzaji anakuwekea akaunti ya Google "ili Play Store ifanye kazi", unaondoka bila kujua jina la akaunti wala nywila yake. Siku simu inafutwa kila kitu na fundi, itadai akaunti ile ya mwanzo, na bila hiyo haitafunguka.

Fungua mipangilio ya simu, ingia sehemu ya Google, kisha dhibiti akaunti yako, kisha usalama. Tazama namba ya kurejesha na barua pepe ya kurejesha. Kama si yako, ondoa, weka yako, kisha badilisha nywila. Shuka chini hadi kwenye orodha ya vifaa vyako, toa kila kifaa usichokitambua. Kama ile kompyuta ya steshenari imo, nayo itoe.

Ukilazimika kutoa kopi ya kitambulisho, ichore mstari wa mshazari na uandike juu yake kwa wino: kwa ajili ya jambo gani, kwa nani, tarehe. Andika juu ya maandishi, usiandike pembeni panapokatika kwa mkasi. Ukituma picha, andika hayo kwenye picha yenyewe kwa kalamu ya simu. Baada ya kuchapa, omba ifutwe ukiangalia, hata kwenye folda ya picha zilizopakuliwa. Hiyo ni haki yako. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Tume yake inapokea malalamiko.

Kitu kimoja usikitoe kirahisi: picha yako ukiwa umeshika kitambulisho karibu na uso. Hicho ndicho kifurushi kizima. Programu nyingi za mikopo zinakitaka, pamoja na ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Kabla ya kujipiga picha hiyo, hakikisha mkopeshaji ana leseni, na programu isiyokopesha bila kuona majina ya ndugu zako iache.

## Simu ikizama, simu ikiibwa

Mvuvi akiinama kuvuta nyavu usiku, simu inatoka mfukoni na kuzama. Abiria anabanwa mlangoni mwa daladala pale Buzuruga, anashuka bila simu. Ukitazama upande wa simu, hasara ni moja. Ukitazama upande wa jina, visa hivi viwili viko mbali kama Nansio na Geita.

Laini iliyozama haimfai mtu. Iliyoibwa inatolewa na kuwekwa kwenye simu nyingine ndani ya dakika moja, na hapo namba zote za uthibitisho za benki, barua pepe na WhatsApp zinaingia kwa mwizi. Kufuli la kioo cha simu yako halikusaidii, kwa sababu laini haimo tena ndani yake.

Dawa yake ni ya zamani na karibu hakuna anayeitumia: PIN ya laini yenyewe. Iko kwenye mipangilio, sehemu ya usalama, kufunga laini. Ukishaiweka, laini ikihamishiwa simu yoyote, au simu ikizimwa na kuwashwa, inaomba PIN kwanza. Angalizo ni hili: laini inakuja na PIN yake ya kiwandani, na lazima uiingize hiyo kabla ya kuweka ya kwako. Usibahatishe. Ukikosea mara tatu inajifunga na kudai PUK, namba ya kuifungulia, yenye tarakimu nane. Ukikosea PUK mara kumi laini imekufa. Tazama kwenye kadi iliyoshikilia laini, au piga 100 uulize.

Halafu punguza kazi za namba yako ya simu. Kwa barua pepe, tumia programu ya uthibitisho inayozalisha tarakimu sita mpya kila sekunde 30. Inafanya kazi hata kisiwani pasipo na mtandao. Lakini nayo ikizama na simu, imezama. Kwa hiyo omba Google namba za akiba: inatoa kumi, kila moja ina tarakimu nane na inatumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi, uiweke pale unapoweka hati ya kiwanja na kadi za kliniki za watoto.

## Kikoba na zile namba sita

Wizi wa WhatsApp huku hauanzi kwa mgeni. Unaanza kwa mtu wa kikoba chako, ambaye akaunti yake imeshatekwa jana. "Dada, nimetuma namba kwako kwa bahati mbaya, nisaidie kunitumia." Unatuma tarakimu sita. Akaunti yako imehama.

Kuna njia mbili nyingine zisizosemwa sana. Ya kwanza: unapigiwa na mtu anayejiita wa mtandao, anakuambia ubonyeze **21* ikifuatiwa na namba fulani na # "kuboresha laini". Hiyo ni amri ya kuelekeza simu zako kwake. Kisha anaomba WhatsApp impigie kumtajia namba badala ya kumtumia ujumbe, na simu inaita kwake. Piga *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa kokote. Kufuta yote, piga ##002#. Na ukumbuke, mtandao wako ukitaka kukupigia utatumia 100. Namba ya kawaida ikijitambulisha kuwa huduma kwa wateja, kata.

Ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu akaunti haikutoki. Unaambiwa uingize herufi na tarakimu nane kwenye WhatsApp yako ili kupiga kura au kupokea zawadi. Umeunganisha kifaa cha mwizi. Wewe unaendelea kuchati, na yeye anasoma kila kitu, wiki nzima, hadi ajue mwenyekiti wa kikoba huandikaje na mgao ni lini. Ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, toa usichokijua.

Weka uthibitishaji wa hatua mbili, na uweke barua pepe yako pale inapoombwa. Usipoiweka, na mwizi akakuwahi kuweka PIN yake, utajisajili upya na kumtoa, lakini utasubiri siku saba kabla ya kuingia bila PIN hiyo. Kwenye kikoba, siku saba ni muda mrefu mno.

Kwa vikoba vyenyewe nina pendekezo moja, na nalisisitiza: pesa isitoke kwa maandishi, wala kwa ujumbe wa sauti, kwa sababu sauti nayo siku hizi inaigwa. Mtunza hazina apige simu ya kawaida kwa namba iliyo kwenye daftari, aulize jambo la kikao kilichopita ambalo halikuandikwa kwenye kundi.

## Saa ya kwanza

Simu yako ikipoteza mtandao ghafla ilhali jirani anao, usisubiri. Huenda laini yako imesajiliwa upya mikononi mwa mtu mwingine.

Azima simu yenye laini ya mtandao uleule, kwa sababu 100 inakupeleka kwa mtandao wa simu unayoishika. Omba mambo mawili, uyataje yote: laini ifungwe, na akaunti ya pesa izuiwe. Ukitaja moja tu, jingine linaweza kubaki wazi. Kisha benki, wasitishe huduma ya simu. Kisha barua pepe kabla ya mitandao ya kijamii, kwa kuwa barua pepe ndiyo inayofungua mingine: badilisha nywila, toa vifaa vyote. Kisha mpigie mwenyekiti wa kikoba na mtu mmoja wa ukoo anayesikilizwa. Kisha polisi upate RB, namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao, maana mtandao na benki wataiuliza. Namba iliyokutapeli itume 15040. Kila unayezungumza naye, andika saa na jina lake.

Ukirudishiwa laini, tazama kama kuna mkopo wa papo kwa papo uliochukuliwa kwenye menyu ya pesa wakati laini haikuwa yako. Upinge siku hiyohiyo kwa RB yako. Ukikaa kimya hadi mwisho wa mwezi utaonekana ulikopa.

## Laini ya marehemu

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, na ndilo lisilozungumzwa kabisa.

Mzee anafariki. Simu yake inabaki imewashwa wiki nzima kwa ajili ya rambirambi. Baada ya arobaini inapewa mjukuu, laini ikiwa ndani, na namba ya siri kila mtu nyumbani anaijua kwa sababu wao ndio waliokuwa wakimtolea pesa. Mwaka unapita. Mjukuu anaiuza simu Mlango Mmoja, laini ikiwa bado ndani. Au laini inatupwa kwenye droo, inakaa miezi bila kutumika, inafungiwa, na namba inauzwa kwa mtu mwingine kabisa, huku ikiwa bado imeandikwa benki kama namba ya mzee.

Halafu mtu huko mbali anapokea ujumbe, anajaribu kutuma pesa, na jina linalokuja ni la babu aliyezikwa Magu.

Chukueni cheti cha kifo na kitambulisho chake. Kabla ya kuifunga laini, tumieni *106# kuorodhesha namba zote zilizo kwenye jina lake, kisha nendeni benki mkaitoe namba hiyo kwenye akaunti yake. Salio lililo kwenye akaunti ya pesa ya simu ni mali ya mirathi: msilitoe kwa namba ya siri, lisubiri msimamizi aliyeteuliwa na mahakama aende na barua yake kulidai kwenye duka la mtandao. Baada ya hapo ombeni kila laini ifungwe, moja moja, mkitaja namba, na msiondoke hadi mpewe karatasi ya kila moja.